Baba DP, mama UPC: kuna chama Mkristo anaweza kukiita cha Kristo?

#1 Mtoto wa Katekista (mleta uzi)

Habari za Jumapili ndugu zangu. Nimetoka kanisani moyo ukiwa mzito, nikaona niulete mzigo huu hapa, maana humu tuna Wakatoliki, Waprotestanti, walokole na ndugu zetu Waislamu, na siasa ya Uganda sote tumeionja.

Mimi ni mtu wa Tororo, mashariki mwa Uganda. Marehemu baba alikuwa katekista. Mama alitoka nyumba ya Waprotestanti, baba yake akiwa mzee wa kanisa. Walipotaka kuoana, muda mfupi baada ya uchaguzi wa 1980, babu hakuanza na habari za mahari. Aliuliza, "Huyo kijana si wa DP?" Yaani Democratic Party, chama kilichohesabiwa cha Wakatoliki. Wala hakutaka kujua kama ana kadi. Kwake Mkatoliki na DP vilikuwa kitu kimoja, na wazee wa rika lake walisema zile herufi mbili ni kifupi cha Dini ya Papa. Upande wa baba nao waliona kuoa binti wa Kiprotestanti ni kuikaribisha UPC, yaani Uganda People's Congress, chama kilichohesabiwa cha Waprotestanti, mpaka jikoni. Vikao vilikaliwa mara tatu. Mimi nilizaliwa juu ya mpaka huo, na nilidhani umekwisha kufutika.

Sasa sikilizeni. Parokiani kwetu kuna dada anayesoma somo la kwanza, mwaka wa sita huu. Akifungua kinywa hata watoto hunyamaza. Majuzi alipigwa picha kwenye mkutano wa kampeni, nguo nyekundu, mwavuli mkononi, alama za chama cha upinzani cha NUP, picha ikazunguka kwenye magrupu yote. Jumamosi kiongozi mmoja wa walei akamwambia apumzike kusoma mpaka uchaguzi upite, kwa sababu chama chake "hakiendani na mafundisho ya Kanisa". Kiongozi huyo nimemwona kwa macho yangu na fulana ya njano ya chama tawala, NRM, basi limechorwa kifuani, na hakuna aliyemwambia apumzike kupokea sadaka. Padre amenyamaza. Leo somo limesomwa na mtoto wa sekondari, na dada wa watu alikaa benchi la nyuma, kitambaa machoni.

Swali langu ni hili. Kuna chama hapa kwetu, au nchi yoyote, ambacho Mkristo anaweza kusimama akasema mafundisho ya Kristo yamo humu, vile vingine havinayo?

Mimi nasema hakuna. Waangalieni wale Kumi na Wawili. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, mkate wake unatoka kwa watawala. Simoni aliitwa Zelote, jina la mtu mwenye uchungu mkali na taifa lake. Kwa mambo ya nje, hao wawili hawakustahili kunywa maji ya mtungi mmoja. Yesu aliwaita wote, na sijasoma popote kwamba mmoja aliambiwa akae nyuma mpaka mambo yapite. Tena kuna yule aliyetaka Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi, Luka 12. Alijibiwa, "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?" Na palepale Yesu akaanza kuwaonya watu juu ya choyo. Kesi aliikataa, ila choyo hakuiacha, na choyo yaweza kuwa kwa yule anayedai na kwa yule anayedaiwa. Hapo ndipo ninapoona mahali pa Kanisa.

Karibuni mnisahihishe.

#2 Mzee wa Nagongera

Mwanangu, pole, na umfikishie huyo binti pole zangu.

Mpaka wa babu yako ni wa zamani kuliko vyama. Wamisionari wa CMS, Waprotestanti, walifika kwa Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1877, na mapadre Wakatoliki wa White Fathers wakafuata 1879. Wale Waingereza, hawa Wafaransa. Haikupita miaka mingi waumini wenyewe wakaanza kuitwa Bangereza na Bafalansa, watu waliozaliwa Buganda na ambao hata bahari hawajawahi kuiona. Jina la chama lilikuja kabla ya chama.

Nikisimama Namugongo kila mwaka neno moja hunichoma. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa pamoja, Mkatoliki na Mprotestanti, kwa amri ya Kabaka mmoja. Ukihesabu mashahidi wote wa mateso yale, Wakatoliki ni 22 na Waprotestanti 23. Kisha tarehe 24 Januari 1892, miaka mitano na nusu tu, watu waliosali na mashahidi hao wakapigana risasi pale Mengo, makao ya Kabaka. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza alikuwa na bunduki yake ya rashasha ya Maxim, aliwagawia Waprotestanti bunduki, na Wakatoliki wakashindwa. Baada ya vita nchi ikagawanywa kwa dini: Buddu kwa Wakatoliki, Butambala kwa Waislamu, na Waprotestanti wakabaki na sehemu kubwa pamoja na ukatikiro, yaani uwaziri mkuu wa Buganda. Hata mapadre wetu wa Mill Hill walioletwa 1895, hawa waliobatiza mababu zetu huku mashariki, waliletwa kutoka Uingereza ili watu waone kwamba mtu aweza kuwa Mkatoliki bila kuwa Mfaransa. Fikiria Injili inakuja na kazi ya namna hiyo mgongoni.

DP ikazaliwa 1954. Sitaki vijana mseme ulikuwa udini mtupu. Wakatoliki walikuwa wengi na vyeo vilikuwa vinawapita, hiyo ilikuwa dhuluma ya kweli. Benedicto Kiwanuka aliyekiongoza kuanzia 1958 alikuwa mwanasheria, akashinda uchaguzi wa 1961. Mwaka uliofuata UPC ya Obote ikaungana na Kabaka Yekka kumwondoa. Chama kisichopenda mambo ya falme na chama cha Kabaka! Nawauliza, kilichowakutanisha kilikuwa nini zaidi ya kwamba wakubwa wa pande zote walikuwa Waprotestanti na hawakutaka kutawaliwa na Mkatoliki? Mei 1966 jeshi la Obote hilohilo likalivamia lubiri, jumba la Kabaka. Undugu wa madhehebu ulidumu miaka minne.

#3 Mlokole wa Mbale

Bwana asifiwe. Nitasema kwa upendo.

Bibi yangu aliokoka kwenye uamsho wa wabalokole, na siasa hawakuigusa. Walitubu wizi, walirudisha ng'ombe za watu, wakaimba Tukutendereza, basi. Warumi 13 inasema, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Na Wafilipi 3:20 inasema wenyeji wetu uko mbinguni. Huyo dada kama anasoma Neno madhabahuni, kilimpeleka mkutanoni nini? Mimi nimeona kanisa likipasuka vipande viwili kwa ajili ya mgombea ambaye baada ya kushinda hakurudi hata siku moja kuwaona. Mkristo apige kura yake kimya, arudi nyumbani, aiombee nchi. Huyo wa njano naye avue fulana yake. Wote wawili wamekosa.

#4 Mama wa Soko Busia

Mlokole kaka yangu, maombi siyakatai, mimi mwenyewe ni mtu wa mkesha. Lakini fungua Waamuzi sura ya 9. Miti ilitaka mfalme. Mzeituni ukasema siwezi kuacha mafuta yangu. Mtini ukasema siwezi kuacha utamu wangu. Mzabibu vilevile. Wote miti mizuri, wote wana kazi zao takatifu. Mwishowe mti wa miiba ukakubali, ukawaambia njoni mkae chini ya kivuli changu, au moto utoke kwangu uwateketeze. Mti wa miiba una kivuli gani? Ndiyo nchi tunayopata watu wema wakibaki nyumbani.

Mimi nauza nguo na nyanya hapa mpakani. Siasa hainingoji niitafute. Inakuja asubuhi na mtu wa ushuru, jioni na askari anayetaka "chai". Siku ile walipochukua mzigo wa mwenzangu mjane, mali ya kilo chache tu, hakuna kanisa lililouliza umeenda wapi. Yohana Mbatizaji aliulizwa na askari, sisi tufanye nini? Hakuwaambia waache kazi. Hakuwauliza wanamuunga mkono nani. Aliwaambia, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo; tena mtoshewe na mshahara wenu." Luka 3:14. Mgombea akija sokoni namsomea mstari huo, namuuliza mtawafanyaje askari wenu watoshewe na mshahara, na mtawalipa mshahara wa kuwatosha? Wa njano nilimuuliza. Wa nyekundu nilimuuliza. Wa bluu hakufika.

#5 Mnubi wa Bombo

Asalam aleikum. Mimi ni Mwislamu, nimefuata uzi huu tangu asubuhi na naomba nafasi.

Mkiuliza ni chama gani kinaendana na Ukristo, kwenu ni swali la imani. Kwangu ni swali la usalama. Sensa ya 2014 ilituhesabu Waislamu asilimia 13.7 ya nchi. Chama kikishakuwa cha dini ya wengi, mimi nakuwa mgeni kwenye ardhi alipozikwa babu yangu. Na msidhani naongea ya kufikirika. Idi Amin, rais aliyekuwa Mwislamu, alipoanguka 1979, dhambi zake tulitwishwa sisi wote. Walikufa Waislamu ambao hawakuwahi kushika bunduki wala cheo. Familia yetu ilikimbia ikaacha nyumba, mbuzi, kila kitu, na aliyekuja kuchukua mabati alikuwa jirani tuliyekula naye Idi. Alikuwa na rozari shingoni. Sisemi hivi kuwatukana. Nasema kwa sababu miaka mingi baadaye mtoto wake ndiye aliyekuja kwa baba yangu kuomba msamaha, na alisema ni padre aliyemfundisha kwamba haki ya Mwislamu nayo ni haki.

Ndiyo maana naishika Katiba ya 1995. Ibara ya 7 inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Ibara ya 71 inataka chama kiwe na sura ya kitaifa, na inakataza uanachama wa misingi ya dini au kabila. Walioiandika walikuwa wameona. Lakini tukumbuke pia kwamba hofu hiyohiyo ya dini na kabila ndiyo sababu tuliyopewa, tangu 1986 mpaka kura ya maoni ya 2005, ya kuvizuia vyama visisimamishe wagombea. Udini ni sumu, na kuogopwa kwa udini kumetumika pia kuwafunga watu midomo.

#6 Boda Malaba

Wakubwa nawaheshimu, mmesoma. Ila mnazunguka mti. Mafundisho yanakwenda na bahasha. Mgombea anakuja kanisani, anapewa kiti cha mbele, anapewa maikrofoni kabla ya matangazo, anatoa mchango wa mabati, watu wanapiga makofi. Wiki ile chama chake ni cha Mungu. Kutoka 23:8 imeandikwa rushwa huwapofusha macho hao waonao. Mimi nauliza, sadaka hiyo padre au mchungaji akiirudisha, kanisa litaezekwa na nani? Sisi waumini tutoe wenyewe, basi. Mimi niko tayari, elfu mbili kila Jumapili, hata siku mafuta yakipanda.

#7 Nilikuwa Seminari

Boda, hiyo elfu mbili yako imenigusa kuliko mahubiri mengi.

Niongeze kidogo kuhusu huyo kiongozi aliyesema chama fulani "hakiendani na mafundisho". Mafundisho gani? Kanisa Katoliki lina mafundisho ya jamii, tena ya muda mrefu. Papa Leo wa 13 aliandika 1891 kuhusu wafanyakazi: ujira wa kumtosha mtu kuishi, haki ya kuunda vyama vyao, na hapohapo akatetea haki ya mtu kumiliki mali. Soma hayo yote kwa moyo safi halafu uchukue ilani ya chama chochote. Utapata ukurasa wa kusema amina na ukurasa wa kutikisa kichwa. Chama kimoja kinasema vizuri juu ya ndoa na uhai, kinanyamaza kijana anapobebwa usiku na gari lisilo na namba. Kingine kinalia juu ya huyo kijana, lakini wafuasi wake wakiwa mtandaoni wanamtukana kila mtu mama yake. Na kosa kubwa la kwetu ni kuchukua fundisho moja, mara nyingi la mambo ya kitandani, na kulifanya mizani ya chama kizima, kana kwamba mshahara wa mwalimu na dawa za hospitali si mambo ya Mungu.

Ulaya walijaribu vyama vyenye jina la dini. Wajerumani walikuwa na chama cha Wakatoliki, Zentrum, chenye mapadre ndani ya uongozi. Machi 1933 chama hicho kiliipigia kura sheria iliyompa Hitler mamlaka yote. Baraka za Kanisa hazikukizuia kuogopa. Baada ya vita, kuanzia 1945, Wakatoliki na Waprotestanti wakaungana kuunda CDU, na kwa kweli chama hicho kimeijenga nchi, lakini hata huko Mkristo anaweza kupigia kura chama kingine na akakomunika Jumapili. Marekani nako utakuta waumini wa Biblia moja wamejaa pande zote mbili, kila upande una mistari yake.

Kwa upande wa sheria zetu, kanuni za Kanisa za 1983 zinamkataza padre kushika madaraka ya serikali, na zinamzuia kuwa mtendaji katika chama cha siasa. Zinamhusu padre. Mlei hazimfungi hivyo, kwa sababu siasa ni shamba la mlei. Huyo dada alikuwa shambani kwake. Na wa fulana ya njano pia alikuwa shambani kwake. Kosa lake si fulana.

#8 Mtoto wa Katekista

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mnubi, habari ya mabati na mtoto aliyeomba msamaha nimemsomea mama yangu. Amenyamaza muda mrefu, akaniambia nikushukuru.

Mlokole, nataka nikujibu kwa heshima maana umesema kitu cha kweli kuhusu makanisa kupasuka. Lakini Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa wa kwenu. Aliokoka 1948 katika uamsho huohuo wa bibi yako. Yeye na maaskofu wenzake wa Kanisa la Uganda (la Kianglikana) walimwandikia Amin barua Februari 1977, wakalaumu mauaji na watu kupotea. Tarehe 16 mwezi ule akauawa pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi, na serikali ikasema ni ajali ya gari. Luwum hakuwa na chama, na wakati ule vyama vilikuwa vimepigwa marufuku. Alikuwa na Warumi 13 kwenye Biblia yake kama wewe. Na Benedicto Kiwanuka, wa "Dini ya Papa", alikamatwa na watu wa Amin Mahakama Kuu mwaka 1972 akiwa Jaji Mkuu, baada ya kuamuru mtu aliyefungwa isivyo halali aachiliwe. Hakurudi. Mmoja Mkatoliki wa DP, mwingine mlokole asiye na chama, na kaburi lao limechimbwa na mkono mmoja. Nikiwaweka hao wawili pamoja naona mafundisho yanavyogusa siasa.

Mama wa Soko amenibadilisha kidogo. Nilianza uzi nikisema hakuna chama cha Kristo, na bado nasema. Ila nilikuwa karibu kusema kwamba basi vyote ni sawa, mtu akae mbali. Huko sirudi tena.

#9 Mlokole wa Mbale

Luwum siwezi kubishana naye. Umenipata hapo.

Lakini angalia tofauti: yeye alimwendea mtawala na barua yenye majina ya maaskofu, hakusimama kwenye gari la kampeni. Nathani alimwendea Daudi nyumbani kwake akamwambia, wewe ndiwe mtu huyo. Nikubaliwe kwamba nabii na mshabiki si mtu mmoja. Mkutanoni bado siendi. Huyo dada arudi kusoma, nimesema vibaya kwamba amekosa, na namwomba anisamehe.

#10 Mzee wa Nagongera

Mlokole, Mungu akubariki kwa neno hilo. Mleta uzi, nenda kwa padre. Usiende peke yako, na usiende na wa nyekundu watupu.

#11 Mtoto wa Katekista

Mzee, nimefanya hivyo. Jana nilikwenda kwanza kwa huyo kiongozi wa walei, nyumbani kwake, nikala ugali wake. Nilidhani nitamkuta mkali. Akaniambia 1981 kaka yake alichukuliwa kwa sababu ya DP, hakuonekana tena, na tangu hapo akiona chama cha upinzani kanisani anaona lori likija. Kumbe alikuwa anamwogopea yule binti. Sikujua. Nilimwambia hofu yake naielewa, lakini benchi la nyuma halimlindi mtu, linamwacha peke yake tu. Hakujibu, ila alinisindikiza mpaka barabarani.

Padre amekubali tukae Alhamisi, saa kumi jioni, baada ya misa: yeye, kiongozi, dada msomaji, mimi, na mama yangu, ambaye amesisitiza kuja. Anasema alishakalia vikao vitatu vya namna hii kwa ajili ya ndoa yake, cha nne hakimshindi. Somo la Jumapili ijayo nimelitazama, ni Amosi. Dada ameshaanza kulifanyia mazoezi nyumbani, dada zake ndio walioniambia.